Kijiko cha Mafuta Kwenye Mboga: Jinsi Vitamini A Inavyoingia Mwilini

Haya ni maandishi ya hotuba kuhusu lishe iliyotolewa kwa wakazi, vikundi vya akina mama na wahamasishaji wa afya ya jamii.



Mada ya leo ni mboga na mafuta. Kila mzazi aliyepeleka mtoto kliniki ameshaambiwa ampe mboga za majani, malenge, karoti, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, maembe na mapapai. Ushauri huo ni sahihi na wazazi wengi wanaufuata. Lakini una nusu ya pili ambayo mara nyingi haisemwi. Vitamini A inayotokana na vyakula hivyo haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta kidogo katika mlo huo huo. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu inaweza kumshibisha mtoto, lakini sehemu kubwa ya rangi yake yenye faida hupita tumboni na kutoka na choo.

Jambo hili linagusa nyumba nyingi. Bei ya mafuta ikipanda, mboga ndiyo ya kwanza kunyimwa mafuta. Mama amelima mchicha, ameuchuma, ameuosha, ameupika na kumlisha mtoto kila siku. Amefanya kazi yote, na bado mtoto anaweza kukosa vitamini kwa sababu ya kijiko kimoja kilichoachwa. Kwa upande mwingine, wapo watu wazima walioambiwa wapunguze mafuta kwa ajili ya presha, nao wakaamua kuyaacha kabisa. Makundi haya mawili yanahitaji maelezo yale yale.

Rangi iliyomo ndani ya mboga

Rangi ya njano, ya machungwa na nyekundu katika mboga na matunda hutokana na kundi la viini vinavyoitwa karotenoidi. Kinachojulikana zaidi ni beta-karotini, rangi ya karoti na malenge. Mboga za kijani kibichi kama mchicha, sukuma wiki, majani ya kunde, kisamvu, matembele na mnavu zina beta-karotini pia, ila imefichwa na rangi ya kijani. Wekundu wa nyanya ni karotenoidi nyingine iitwayo likopini. Ipo pia lutini, iliyo nyingi katika mboga za majani na katika kiini cha yai. Mwili huiweka lutini katikati ya retina, sehemu ya jicho inayotumika kusoma na kutambua nyuso za watu.

Mwili huibadilisha beta-karotini kuwa vitamini A. Lutini na likopini hazibadiliki kuwa vitamini A, lakini nazo pia huingia mwilini kwa msaada wa mafuta.

Vitamini A hulinda macho, ngozi, na utando laini wa koo, mapafu na utumbo, ambao ni ukuta wa kuzuia vijidudu. Mtoto mwenye upungufu wake huanza kwa kutoona vizuri magharibi, giza linapoingia. Hujikwaa, hukaa pale alipo, huogopa kucheza na wenzake. Upungufu ukizidi, jicho hukauka, huota vidonda na linaweza kupofuka kabisa. Hata kabla ya dalili za macho kuonekana, mtoto huyo hushindwa kupambana na maradhi kama kuhara na surua. Wajawazito na wanaonyonyesha wanaihitaji pia, kwa kuwa vitamini A ya mtoto mchanga hutoka kwa mama.

Safari kutoka sahani hadi ini

Karotenoidi hazichanganyiki na maji. Huyeyuka katika mafuta. Mwenye shaka na afanye jaribio jikoni. Akichemsha karoti iliyokunwa kwa maji, maji hubadilika rangi kidogo tu. Akiikaanga karoti hiyo hiyo katika mafuta, mafuta huwa ya rangi ya machungwa kwa muda mfupi. Mchuzi wa nyanya ukiwekwa kwenye bakuli la plastiki huacha doa jekundu ambalo maji matupu hayaliondoi. Hiyo ndiyo tabia ya rangi hizi, na huwa nayo hata ndani ya tumbo.

Mboga ikitafunwa na kufika tumboni, karotenoidi hutoka kwenye chembe za jani na kutafuta mafuta ya kuyeyukia. Mafuta yakiwepo, zinaingia humo. Chakula kikishuka katika utumbo mwembamba, mafuta hayo huupa mwili ishara ya kutoa nyongo kutoka kwenye kibofu chake na kimeng'enya kutoka kwenye kongosho. Nyongo hufanya kazi kama sabuni kwenye sahani yenye mafuta: huyavunja mafuta kuwa vitone vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vitone hivyo ndivyo vinavyozibeba karotenoidi hadi kwenye ukuta wa utumbo.

Ndani ya ukuta huo, sehemu ya beta-karotini hugeuzwa kuwa vitamini A. Kisha hupakiwa pamoja na mafuta, hupita katika mishipa ya limfu, huingia katika damu na kufika kwenye ini, ambalo ndilo ghala la vitamini A. Mtoto mwenye akiba nzuri katika ini anaweza kuvumilia miezi ya uhaba wa mboga.

Mlo ukiwa hauna mafuta hata kidogo, karotenoidi hukosa pa kuyeyukia, nyongo hutoka kidogo, na vile vitone vya kubeba havitengenezwi vya kutosha. Ndiyo maana hata vitamini A ambayo mtoto hupewa kliniki, ile ya kidonge laini kinachokatwa ncha na kukamuliwa kinywani, imo ndani ya mafuta.

Yaliyopimwa na watafiti

Jambo hili lilipimwa zamani karibu na hapa. Mwaka 1958 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wavulana nchini Rwanda, wakati huo ikiwa sehemu ya Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji. Chakula chao kilikuwa na mafuta machache sana, na upungufu wa vitamini A ulikuwa mwingi. Walipoongezewa mafuta ya zeituni, kiasi cha karotini kilichoingia mwilini kilipanda kutoka takribani asilimia 5 hadi takribani asilimia 25. Mboga haikuongezwa, kilichoongezwa ni mafuta.

Mwaka 2004, watafiti katika Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, waliwapa watu wazima saladi ya mboga mbichi. Saladi iliyotiwa kiungo kisicho na mafuta haikuingiza karotenoidi katika damu kwa kiasi cha maana. Iliyotiwa mafuta iliziingiza. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State waliongeza parachichi kwenye saladi yenye karoti na mchicha, na beta-karotini iliyoingia mwilini ikawa zaidi ya mara 10 ya ile ya saladi bila parachichi.

Wataalamu wa lishe wameweka pia kipimo. Kwa chakula cha kawaida cha mboga na matunda, mwili huhitaji gramu 12 za beta-karotini kupata kinacholingana na gramu 1 ya vitamini A. Beta-karotini ikiwa tayari imeyeyushwa katika mafuta, gramu 2 zinatosha. Kwa hesabu halisi ya mwili vipimo hivyo ni vya sehemu ndogo mno za gramu, lakini uwiano ni huo huo: tofauti ya mara 6.

Kiasi kidogo kinatosha

Habari njema kwa mwenye kipato kidogo ni kwamba kiasi kinachohitajika ni kidogo. Nchini Ufilipino, watoto wa shule wa miaka 9 hadi 12 walipewa milo yenye mboga na matunda ya rangi, na kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata takribani gramu 2.4 za mafuta kwa kila mlo, la pili gramu 5, la tatu gramu 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: akiba ya vitamini A mwilini iliongezeka kwa makundi yote matatu, bila tofauti kubwa kati yao.

Kijiko kimoja cha chai kina takribani gramu 4.5 za mafuta. Kwa hiyo kijiko kimoja cha chai kwa kila mlaji katika mlo wa mboga kinatosha. Chupa ya nusu lita ina vijiko vya chai 100. Familia ya watu 6 ikipikia mboga kwa kipimo hicho, chupa hiyo itatosha milo 16. Mafuta hayo hayo yakimiminwa kwenye karai la kukaangia viazi au maandazi, yanaweza kuisha kwa siku chache bila mboga kupata hata tone. Panapokuwa na mafuta ya kuhesabu, mahali pake pa kwanza ni kwenye mboga.

Mafuta si ya dukani peke yake

Chakula chochote chenye mafuta kinafanya kazi hii, na vingi vinapatikana shambani au sokoni:

- Tui la nazi. Vijiko viwili vikubwa vya tui zito vina mafuta yanayokaribia kijiko kimoja cha chai. Mchicha wa nazi, kisamvu cha nazi na malenge ya nazi ni mapishi yaliyokwisha kulitatua tatizo hili zamani.
- Njugu karanga, korosho na simsim. Karibu nusu ya uzito wa njugu na simsim ni mafuta. Zikisagwa na kutiwa kwenye mboga huongeza protini pia. Njugu zenye ukungu, zilizokunjamana au chungu zitupwe, kwa kuwa zinaweza kuwa na sumu ya aflatoksini. Mtoto mdogo asipewe njugu nzima, kwani zinaweza kumkaba. Apewe zilizosagwa laini.
- Parachichi, au avokado. Vipande vichache kando ya ugali na sukuma wiki vinatosha.
- Yai moja lina takribani gramu 5 za mafuta, na kiini chake kina lutini.
- Maziwa yasiyoondolewa mafuta, maziwa lala, samli, na samaki wenye mafuta.

Kuhusu mafuta ya dukani, sheria ya Kenya tangu mwaka 2012 inataka mafuta ya kula yanayotengenezwa viwandani yaongezwe vitamini A. Mnunuzi na atazame alama ya kuongezwa virutubishi kwenye chupa au pakiti. Mwanga wa jua huiharibu vitamini A, hivyo mafuta yawekwe kabatini au mahali penye kivuli, na kifuniko kifungwe. Mafuta ya kupima yaliyokaa juani katika chombo kinachopitisha mwanga huenda yamepoteza sehemu ya vitamini hiyo. Hata hivyo, bado yanasaidia kubeba karotini ya mboga.

Mawese mekundu yanayotumika Congo na Kigoma yana karotini ndani yake yenyewe, ndiyo maana ni mekundu. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa kiwandani yameondolewa rangi hiyo, na karotini imeondoka nayo.

Jikoni

Mafuta hayawezi kufanya kazi yote. Karotini ya jani imefungwa ndani ya chembe ngumu, na chembe hizo zisipovunjwa haitoki. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kutoka Indonesia ulionyesha kwamba wanawake wanaonyonyesha waliokula mboga za majani zilizokaangwa kila siku kwa wiki 12 hawakupata nafuu iliyotarajiwa, wakati waliopata beta-karotini iliyotolewa nje ya jani walipata. Fundisho lake kwa mpishi ni kwamba jani lipewe nafasi ya kufunguka, na sahani isitegemee majani peke yake.

Mboga ikatwe laini baada ya kuoshwa. Ipikwe hadi ilainike, kwa moto wa wastani na sufuria ikiwa imefunikwa, kisha iepuliwe. Kuipika kwa muda mrefu kupita kiasi, au kuipasha tena na tena, huharibu karotini. Mafuta yatiwe wakati wa kupika, vitunguu na nyanya vikitangulia, ili rangi ipate muda wa kuyeyuka. Anayependa mboga ya kuchemsha anaweza kumiminia kijiko cha mafuta au tui kabla ya kuepua. Anayekausha mboga kwa ajili ya kiangazi aikaushe kivulini penye upepo. Jua kali huipunguzia rangi na vitamini.

Malenge, karoti na viazi vitamu vya rangi ya machungwa huachia karotini kwa urahisi kuliko majani. Viazi hivyo vimeenezwa sana Afrika Mashariki. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda, Jan Low na Howarth Bouis kwa kazi yao ya kuongeza virutubishi katika mazao, na viazi hivi vilikuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Vikipondwa na kutiwa kijiko cha tui au njugu za kusagwa, huwa chakula kizuri cha mtoto aliyetimiza miezi 6 na kuanza kula.

Embe na papai huliwa bila kupikwa. Yanafaa zaidi yakiliwa pamoja na mlo au mara tu baada ya mlo wenye mafuta kidogo, kuliko yakiliwa peke yake tumbo likiwa tupu. Msimu wa maembe ni wakati mzuri wa kujaza ghala la ini, na watoto wapewe nafasi ya kula yaliyoiva kabla yote hayajapelekwa sokoni.

Mambo yanayozuia njia

Minyoo hushindana na mtoto katika utumbo na kuvuruga uingiaji wa mafuta. Nchini Indonesia, watoto wa chekechea wenye minyoo walionufaika zaidi ni wale waliopewa vitu vitatu kwa pamoja: chakula chenye beta-karotini, mafuta ya ziada na dawa ya minyoo. Choo safi, kunawa mikono kwa sabuni na dawa ya minyoo kwa ratiba ni sehemu ya lishe.

Kuhara kwa muda mrefu, surua, na maradhi ya ini au ya kibofu cha nyongo pia huzuia mafuta kuingia mwilini. Mtoto mwenye choo cheupe au chenye mafuta mafuta, au macho ya manjano, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Mlo bora hauondoi haja ya vitamini A ya kliniki. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa kidonge cha buluu cha vipimo 100,000. Wa miezi 12 hadi 59 hupewa chekundu cha vipimo 200,000, kila baada ya miezi 6. Wiki za Malezi Bora, mwezi wa Mei na Novemba, ni nafasi ya kuhakikisha hakuna mtoto aliyekosa. Mzazi asinunue vidonge hivyo na kumpa mtoto kwa kukisia, na mjamzito asivimeze bila kuelekezwa na mhudumu wa afya, kwa sababu vitamini A ya vidonge ikizidi ina madhara. Karotini ya mboga haina hatari hiyo. Mwili huigeuza kwa kadiri ya mahitaji yake.

Kwa wenye presha, kisukari na uzito mkubwa

Aliyeambiwa apunguze mafuta aendelee kufuata maagizo ya daktari wake. Kupunguza na kuacha kabisa ni mambo mawili tofauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yasizidi asilimia 30 ya nishati yote ya chakula cha siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hizo ni takribani gramu 67. Vijiko vitatu vya chai kwa siku nzima ni takribani gramu 14. Mafuta ya kupunguza ni yale ya karai: viazi vya kukaanga, maandazi, na mafuta yaliyotumika mara nyingi hadi yakawa meusi. Kwa mboga, achague mafuta ya maji kama ya alizeti, au parachichi, na apime kwa kijiko badala ya kumimina kutoka chupani.

La kuondoka nalo

Kila mhamasishaji wa afya ya jamii anapotembelea nyumba na kuuliza kama mtoto amekula mboga, na aulize swali la pili: imepikwa na nini? Jibu likiwa maji na chumvi, hapo pana kazi ndogo ya kufanya, na gharama yake ni kijiko kimoja cha chai. Nyumba isiyo na mafuta siku hiyo huenda ina nazi, njugu, parachichi au yai, na mama aonyeshwe kwamba hivyo navyo vinatosha.

Haba na haba hujaza kibaba. Kijiko cha leo na cha kesho ndicho kinachojaza ghala la ini la mtoto, ili jioni aone njia na kucheza na wenzake.